HILFUL FUDHUUL NA MAHAKAMA YA AFRIKA MASHARIKI: MLANGO WA MDHULUMIWA UKO WAPI?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyejiharamishia dhulma Yeye Mwenyewe na akaiharamisha baina ya waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake na Sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu msomaji, miaka mingi kabla ya Muhammad (s.a.w.) kupewa Utume, alifika Makka mtu mmoja wa kabila la Zubayd kutoka Yemen akiwa na bidhaa zake. Bidhaa hizo zilinunuliwa na al-Aas bin Waail, mmoja wa wakubwa wa Makuraishi, kisha akakataa kumlipa. Yule mgeni alizunguka kwa watu akiomba msaada, na wale aliowategemea wakamkaripia badala ya kumsaidia, kwani nani angetaka kugombana na mtu mkubwa kwa ajili ya mgeni asiye na ukoo mjini? Ndipo alipopanda jabali la Abu Qubays wakati jua linachomoza, Makuraishi wakiwa wamekaa katika mabaraza yao pembezoni mwa Al-Kaaba, akapaza sauti na kueleza dhulma aliyotendewa.

Aliyeguswa na sauti ile ni Zubayr bin Abdul Muttalib, ami yake Mtume (s.a.w.). Wakakusanyika katika nyumba ya Abdallah bin Jud'aan watu wa Bani Hashim, Bani Muttalib, Bani Asad, Bani Zuhra na Bani Taym, wakaapa kwamba watakuwa mkono mmoja pamoja na mdhulumiwa mpaka arejeshewe haki yake. Kisha wakaenda kwa al-Aas, wakaichukua mali ya yule mgeni na kumrudishia mwenyewe. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwapo katika kikao kile, na baada ya kupewa Utume alisema kuwa hangependa kukibadilisha kwa ngamia wekundu, na lau angeitwa kwa ahadi ile katika Uislamu basi angeitika.

Katika kisa hiki mna mambo matatu ambayo tunamuomba msomaji ayaweke mkononi, maana ndiyo mizani yetu katika makala haya. Kwanza, walioapa walikuwa majirani wenye mashindano baina yao. Pili, aliyesaidiwa hakuwa na ukoo wala cheo, wala hakutakiwa kuwa navyo ndipo asikilizwe. Tatu, aliyeshikwa mkono alikuwa mkubwa wa mji wao wenyewe. Mkataba wa majirani usioweza kumgusa mkubwa wa nyumbani kwao unabaki kuwa urafiki wa wakubwa tu.

Kwa mizani hiyo tunataka kuitazama juhudi ya majirani wa zama zetu, yaani nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya kuwa na chombo kimoja cha kusikiliza malalamiko ya haki za binadamu.

AHADI YA ARUSHA

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na Kenya, Uganda na Tanzania, ukaanza kufanya kazi tarehe 7 Julai 2000. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Mahakama ya Jumuiya ilizinduliwa Arusha mwaka 2001.

Katika Ibara ya 6 na ya 7 za Mkataba huo nchi wanachama zilijifunga kwa utawala bora, utawala wa sheria, na kuzilinda haki za binadamu kwa mujibu wa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Tena Ibara ya 30 inampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama ruhusa ya kuishitaki serikali mbele ya Mahakama hiyo, akidai kuwa sheria au kitendo chake kinaukiuka Mkataba. Wala halazimiki kwanza kuzimaliza mahakama zote za nchini kwake. Hapa tuseme ukweli, na insafu ni katika dini: hili ni jambo jema kubwa, na vyombo vingi vya namna hii duniani havina mlango mpana kiasi hicho.

Lakini Ibara ya 27 ikaweka kufuli. Ilisema kwamba mamlaka ya Mahakama juu ya haki za binadamu yatakuja baadaye, wakati utakaoamuliwa na Baraza la Mawaziri, na kwamba nchi wanachama zitatia saini itifaki kwa ajili hiyo. Rasimu ya itifaki iliandaliwa mwaka 2005. Mwaka 2011, katika kesi iliyofunguliwa na mwanasiasa wa Uganda, Sitenda Sebalu, Mahakama yenyewe ilisema kuwa kuichelewesha itifaki hiyo ni kinyume na misingi ya utawala bora iliyomo katika Mkataba. Hadi tunapoandika haya, itifaki ya haki za binadamu iliyoahidiwa haijatiwa saini.

Mwenyezi Mungu (S.W.) anawaamrisha walioamini kutekeleza ahadi katika aya ya kwanza ya Suratul Maida, na katika Suratul Israa aya ya 34 anatuonya kuwa ahadi itaulizwa. Aya hizi hazikuwavua watawala jukumu hilo.

HASIRA YA WAKUBWA

Tuone sasa yaliyotokea Mahakama ilipomgusa mkubwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 2006 kulizuka mgogoro kuhusu namna Kenya ilivyowapata wajumbe wake 9 wa Bunge la Afrika Mashariki. Walalamikaji, wakiongozwa na Profesa Anyang' Nyong'o, walikwenda Arusha, na mwezi Novemba mwaka huo Mahakama ikatoa zuio la muda dhidi ya majina yale. Uzinduzi wa Bunge jipya ukakwama.

Jibu la Wakuu wa Nchi halikuchelewa. Kabla ya mwaka kwisha, mwezi Desemba 2006, walikuwa wameshatia saini marekebisho ya Mkataba. Mahakama iligawanywa kuwa na Divisheni ya Awali na Divisheni ya Rufani. Sababu za kumsimamisha au kumuondoa jaji zikaongezwa. Na kikaingizwa kifungu kipya katika Ibara ya 30, kwamba mlalamikaji lazima afungue shauri ndani ya miezi miwili tangu kitendo kilipofanyika, au tangu alipokijua. Mwaka 2008, Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki kilipoyapinga marekebisho hayo, Mahakama ilikubali kuwa namna yalivyofanywa, bila kuwashirikisha wananchi, ilikuwa kinyume na Mkataba, lakini haikuyabatilisha.

Tusidhani kuwa tabia hii ni ya Jumuiya yetu peke yake. Kusini mwa Afrika, Mahakama ya SADC iliyokuwa Windhoek iliamua mwaka 2008 kuwa Zimbabwe iliwadhulumu wakulima iliowanyang'anya mashamba. Mwaka 2010 Wakuu wa Nchi wakaisimamisha Mahakama hiyo, na mwaka 2014 wakatia saini itifaki mpya inayoiachia kesi za serikali dhidi ya serikali tu. Mtu binafsi alifungiwa nje kabisa.

Hata hivyo majaji wa Arusha hawakukata tamaa. Mwaka 2004 watu 16 walishitakiwa Uganda kwa uhaini. Tarehe 16 Novemba 2005 Mahakama Kuu mjini Kampala iliwapa dhamana 14 kati yao. Mara watu wa usalama wenye silaha wakalizingira jengo la mahakama, dhamana isikamilike, wakarudishwa gerezani, kisha wakapelekwa mbele ya Mahakama ya Kijeshi kwa mashitaka mengine. Shauri hili, linalojulikana kwa jina la Katabazi, lilifika Arusha, na tarehe 1 Novemba 2007 Mahakama ya Afrika Mashariki ikatoa hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria katika nchi zetu anapaswa kuijua. Majaji walikiri kuwa hawajapewa mamlaka ya haki za binadamu. Lakini walisema kuwa hawataikimbia kazi yao ya kuufasiri Mkataba kwa sababu tu ndani ya shauri mna madai ya kuvunjwa haki za binadamu. Wakaamua kuwa kuingilia amri ya mahakama kwa mtutu wa bunduki ni kuuvunja utawala wa sheria, na kwa hiyo ni kuuvunja Mkataba.

Tangu siku ile, kila mdhulumiwa aliyefika Arusha amepita katika upenyo huo. Kwa upenyo huo huo, mwaka 2019 Mahakama iliamua kuwa vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016 vinakwenda kinyume na Mkataba. Upenyo umesaidia. Lakini nyumba ambayo mwenye haki huingia kwa kupitia upenyo, hali mlango mkubwa umefungwa, haiwezi kusifiwa kwa ukarimu.

MIEZI MIWILI

Sasa tufike mahali panapouma. Tutataja mashauri mawili.

La kwanza ni la Mlima Elgon, magharibi ya Kenya. Kati ya mwaka 2006 na 2008 eneo lile lilikumbwa na mapigano ya wanamgambo, kisha ikaja operesheni ya vyombo vya dola. Shirika moja la madaktari na wanasheria lilikwenda Arusha likidai kuwa zaidi ya wakazi 3,000 waliuawa, waliteswa au walitendewa unyama, na kwamba serikali haikuchukua hatua dhidi ya waliohusika. Mwaka 2011 Divisheni ya Awali ilikubali kulisikiliza shauri. Mwezi Machi 2012 Divisheni ya Rufani ikaliondoa. Sababu? Muda wa miezi miwili ulikuwa umepita.

La pili Waislamu wengi wa pwani na Nairobi wanalikumbuka. Tarehe 11 Julai 2010, watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia mjini Kampala walilipuliwa kwa mabomu, wakafa zaidi ya 70. Hatuna haja ya kusema maneno mawili juu ya kitendo kile: kuua watu waliokaa kutazama mpira ni haramu iliyo wazi, na aliyethibitika kufanya hivyo anastahiki adhabu. Lakini baada ya hapo raia kadhaa wa Kenya walikamatwa nchini kwao na kuvushwa mpaka kupelekwa Uganda bila ya kufikishwa mbele ya hakimu yeyote kwa utaratibu wa kisheria wa kukabidhiana watuhumiwa. Mwezi Septemba 2010 Mahakama Kuu ya Kenya iliona kuwa kumhamisha mmoja wao kwa namna ile kulikuwa kinyume cha sheria. Wakati huo mtu mwenyewe alikuwa tayari yuko upande wa pili wa mpaka.

Saba kati ya waliovushwa walifungua shauri Arusha mwaka 2011. Divisheni ya Awali ilikubali kuwa dhulma ya kumshikilia mtu haiishi siku ya kwanza bali inaendelea maadamu bado ameshikiliwa. Mwezi Aprili 2013 Divisheni ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Miezi miwili, ikasema, inahesabiwa tangu siku walipovushwa, au tangu walipojua, na Mkataba haukuwapa majaji uwezo wa kuuongeza muda huo. Mwaka 2016, Mahakama Kuu ya Uganda ilipotoa hukumu juu ya milipuko ile, watu 5 kati ya 13 walioshitakiwa walionekana hawana hatia, baada ya kukaa ndani kwa karibu miaka sita.

Tusiwadhulumu majaji wa rufani. Hawakusema kuwa hakuna aliyedhulumiwa. Walisema kuwa mikono yao imefungwa na maandishi ya Mkataba. Basi lawama yetu inakwenda kwa walioyaandika maandishi hayo mwaka 2006.

Je, fiqhi yetu inasemaje juu ya muda? Wanachuoni wanajua kanuni kwamba haki haidondoki kwa kupita zama. Majalla, mkusanyiko wa sheria za muamala uliotungwa katika dola ya Uthmania kati ya mwaka 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Imam Abu Hanifa, iliweka muda wa kusikilizwa madai, na katika madai mengi muda huo ni miaka 15. Lakini iliweka mambo mawili pamoja nao. Kwanza, ilitamka kuwa kupita muda hakuifuti haki yenyewe. Pili, ilitaja nyudhuru ambazo muda hauhesabiwi pamoja nazo: mwenye haki kuwa mtoto, au mwendawazimu, au kuwa safarini nchi ya mbali, au mdaiwa wake kuwa mtu mwenye nguvu anayeogopwa.

Ndugu msomaji, itazame nyudhuru hii ya mwisho. Mafakihi wale waliujua udhaifu wa binadamu mbele ya mwenye nguvu. Walijua kuwa mtu hawezi kudai haki yake huku mkono wa anayemdai uko shingoni mwake. Sasa mchukue mtu aliyefungwa katika nchi isiyo yake, wakili hana, jamaa zake wanamtafuta kituo kwa kituo, na mdaiwa wake ni dola mbili kwa pamoja. Udhuru gani ulio mkubwa zaidi ya huo? Majalla ilimpa mwenye shamba miaka 15 na udhuru juu yake. Mkataba wetu umempa aliyevushwa mpaka kwa nguvu miezi miwili, bila ya udhuru.

MLANGO WA MFANYABIASHARA

Mwezi Novemba 2013 Wakuu wa Nchi walikutana Kampala na kukubali kuwa mamlaka ya Mahakama yaongezwe. Itifaki ikatiwa saini mwezi Februari 2015. Iliongeza nini? Mashauri ya biashara, uwekezaji, na mambo yanayofungamana na umoja wa fedha. Ama haki za binadamu, jambo lililotajwa kwa jina katika Ibara ya 27 tangu mwaka 1999, liliachwa nje, ikasemwa kuwa litashughulikiwa kwa kushirikiana na Umoja wa Afrika.

Hatupingi mfanyabiashara kupewa mlango. Yule mtu wa Zubayd mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, na hapana shaka kuwa Makuraishi waliiogopea sifa ya soko lao. Lakini kiapo cha Hilful Fudhuul hakikuandikwa kwa wenye bidhaa tu. Kiliandikwa kwa kila mdhulumiwa atakayekutwa Makka, mwenyeji au mgeni. Wale walikuwa watu wa Jahiliya. Je, sisi turudi nyuma ya hapo walipofika wao?

Ama kule kuambiwa tutegemee Umoja wa Afrika, na tuone mlango wa huko. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo Arusha hapo hapo. Itifaki yake ilipitishwa mwaka 1998 na kuanza kufanya kazi mwaka 2004. Kwa mujibu wake, mtu binafsi hawezi kuishitaki serikali yake moja kwa moja mpaka serikali hiyo iwe imetoa tamko maalumu la kuruhusu jambo hilo. Kenya, Uganda na Burundi hazikuwahi kutoa tamko hilo. Rwanda ililitoa, kisha ikatangaza kulifuta mwaka 2016. Tanzania, mwenyeji wa Mahakama yenyewe, ililitoa mwaka 2010, kisha mwezi Novemba 2019 ikatangaza kulifuta. Kwa maneno mengine, mlalamikaji alipofika mlango wa kwanza aliambiwa aende wa pili, na wa pili ukafungwa na wale wale waliomuelekeza huko.

WALIVYOFANYA WALIOTUTANGULIA

Huenda msomaji akasema kuwa hayo ni mambo ya siasa na magazeti, yanatuhusu nini sisi wenye vitabu? Tunasema yanatuhusu sana, kwani jambo hili lina mlango wake kamili katika vitabu vyetu. Imam al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058), katika kitabu chake al-Ahkaam as-Sultaaniyya, ameweka mlango mzima juu ya Wilayatul Madhaalim, yaani mamlaka ya kusikiliza mashitaka ya dhulma. Anaeleza kuwa Abdul Malik bin Marwan ndiye wa kwanza kutenga siku kwa ajili ya watu wenye malalamiko, na kwamba Umar bin Abdul Aziz aliisimamia kazi hiyo mwenyewe na kurejesha mali zilizochukuliwa kwa dhulma, akianzia na jamaa zake wa Bani Umayya.

Kisha al-Mawardi anataja mambo ambayo msimamizi wa Madhaalim anayaangalia. Anayataja kumi, na la kwanza kabisa ni uonevu wa watawala juu ya raia. Tena anasema kuwa jambo hili halingojei mlalamikaji. Msimamizi anatakiwa kuzichunguza nyendo za watawala yeye mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu aliyeonewa na mtawala mara nyingi hawezi kulalamika. Karne moja baadaye, Sultani Nuruddin Zangi akajenga Damascus nyumba maalumu ya kazi hiyo, Darul Adl, wapate kusimamishwa humo hata maamiri wakubwa wa jeshi lake.

Hatudai kuwa historia yetu yote ilikuwa hivyo. Wapo makhalifa walioifunga Diwani hiyo, na wapo walioigeuza kuwa pambo la kasri. Tunachosema ni kuwa kipimo tunacho. Kipimo hicho kinauliza: Je, mnyonge anaufikia mlango? Je, muda wake unazingatia udhuru wake? Je, hukumu inamshika mwenye nguvu? Itifaki ya mwaka 2015, ukiiweka juu ya kipimo hiki, inaanguka katika swali la kwanza.

HOJA ZETU WENYEWE

Zipo hoja mbili tunazozisikia misikitini, na zote mbili zimetufanya tukae kimya.

Ya kwanza ni kuwa "haki za binadamu" ni neno la Wazungu, na ndani yake mna mambo yanayopingana na sheria ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli kuwa yapo mambo ya namna hiyo, hasa katika ndoa na mirathi, na ndiyo maana Waislamu walitoa matamko yao wenyewe, likiwemo lile la Cairo la mwaka 1990. Lakini waliofika Arusha hawakudai hayo. Walidai mtu asikamatwe tena akiwa mlangoni pa mahakama iliyompa dhamana, asivushwe mpaka bila ya hakimu, asiteswe. Imam Malik katika Muwatta amepokea kuwa Sayyidna Umar (r.a.), alipopata habari kuwa ushahidi wa uongo umeenea Iraq, aliapa kuwa hatafungwa mtu katika Uislamu bila ya mashahidi waadilifu. Na jamhuri ya wanachuoni hawaipi nguvu iqrari iliyotolewa kwa kulazimishwa. Basi Mzungu amechukua nini hapo ambacho hakikuwa chetu? Tena waliokula kiapo katika nyumba ya Ibn Jud'aan walikuwa mushrikina, na Mtume (s.a.w.) hakukikataa kiapo kwa sababu hiyo.

Wengine wakadhani kuwa Hilful Fudhuul ni kisa cha Jahiliya kilichokwisha. Ibn Is-haaq amepokea kuwa, zama za Bani Umayya, al-Walid bin Utba, liwali wa Madina, alimbana Husayn bin Ali (r.a.) katika mali yake. Husayn akamuapia kuwa amfanyie insafu, la sivyo atachukua upanga wake, asimame msikitini na aite kwa Hilful Fudhuul. Abdallah bin Zubayr na wengine walipoisikia habari hiyo wakasema kuwa wakiitwa wataitika. Al-Walid akamrudishia haki yake. Mkataba wa zamani ulimshika liwali kwa sababu walikuwapo watu tayari kuitika.

Hoja ya pili haisemwi waziwazi, lakini imo katika matendo yetu. Tunapaza sauti anapochukuliwa wetu. Wale saba waliovushwa tuliwaombea katika qunuti na kuwachangia, na tulifanya vyema. Lakini ni misikiti mingapi ilizungumza juu ya wakulima wa Mlima Elgon, ambao wengi wao si Waislamu, na ambao mashitaka yao yalianguka kwa kifungu kile kile, mwaka mmoja kabla? Lau tungesimama nao mwaka 2012, huenda mwaka 2013 tusingesimama peke yetu. Suratun Nisaa aya ya 135 inatutaka tusimamishe uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu, na Suratul Maida aya ya 8 inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Na Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh kwenda Yemen, alimuonya kuhusu dua ya mdhulumiwa kuwa hakuna pazia baina yake na Mwenyezi Mungu, na katika riwaya ya Imam Ahmad onyo hilo limekuja hata kama mdhulumiwa huyo ni kafiri.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, maimamu na walimu waijue miezi miwili. Akichukuliwa mtu katika mtaa wako, andika tarehe siku hiyo hiyo, waliomchukua, na mahali alipopelekwa, kisha jamaa zake wapelekwe kwa wakili kabla ya kupelekwa kwa wanasiasa. Vikao vya kusuluhisha vilivyochukua wiki kumi vimekwisha kuua haki ya mtu Arusha.

Pili, jumuiya zetu za Kiislamu katika kila nchi mwanachama ziyataje mambo mawili kwa jina kila zinapokutana na viongozi: itifaki ya haki za binadamu iliyoahidiwa katika Ibara ya 27, na kifungu cha muda katika Ibara ya 30, kirefushwe na kiwekewe udhuru. Haya tuyadai pamoja na maaskofu, mawakili na kila anayeyataka, kama walivyokaa pamoja wale wa nyumba ya Ibn Jud'aan.

Tatu, wanafunzi wa vyuo vyetu wausome mlango wa Madhaalim sambamba na hukumu ya Katabazi. Kijana anayehifadhi majina ya Abbasia lakini hajui mkazi wa Lamu au Kigoma anaweza kumshitaki nani na wapi, elimu yake imekatika katikati.

Leo jabali la Abu Qubays liko Arusha, na watu wamelipanda wakapaza sauti. Wengine walisikilizwa, wengine waliambiwa kuwa wamechelewa. Waliokaa mabarazani ni sisi, na swali tutakaloulizwa ni kama tuliisikia sauti ile na tukafanya nini.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azifungue nyoyo za viongozi wetu, awape subira na faraja walio magerezani kwa dhulma, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoitika wanapoitwa. Amin.

Wallaahu aalam.